Asubuhi Gari la Magazeti Lilipochelewa

Ukija leo kwenye kibanda chetu hapa Kavala, kaskazini mwa Ugiriki, utakuta kwenye kamba ya mbele nimetundika makasha ya simu. Yapo ya pinki, yapo ya kumetameta, na moja lina picha ya paka anayevuta sigara. Yananunuliwa. Sina malalamiko, paka huyo ndiye anayenilipia umeme. Ila sijawahi kuona mtu akisimama mbele ya kasha la simu akalitukana nusu saa nzima, kisha akamgeukia aliye pembeni yake akamtukana na yeye, kisha wakanywa kahawa pamoja. Kwa kazi hiyo yalihitajika magazeti.

Zamani ninayoisema si ya Nuhu. Mimi mwenyewe bado naitwa binti, hasa na wanaotaka kukopa sigara. Kibanda alikianzisha babu yangu. Vita vilimchukua mguu, serikali ikampa kibali cha kuuza magazeti, na yeye akasema kwa biashara ile hata mguu mmoja ulikuwa wa ziada. Akamwachia mama. Mama akaniachia zamu ya asubuhi nilipomaliza sekondari, baada ya mimi na chuo kikuu kukubaliana kwamba tusisumbuane.

Sheria za babu zilikuwa chache. Magazeti yanabanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, yamekunjwa, upande wa juu ukitazama barabara. Mekundu, ya mrengo wa kushoto, upande wa kushoto; ya buluu, ya wahafidhina, kulia; na katikati gazeti dogo la mji wetu, kama refa. Mpangilio huo haukubadilika hata siku moja, maana babu aliogopa wasomaji wakigongana mabega. Kusoma kwa macho ni bure. Kubandua ni marufuku. Kununua ni hiari ya mtu na aibu yake.

Basi watu walikuwa wanapita hapo kabla ya kazi, wanasimama, wanasoma vichwa vya habari mpaka pale karatasi ilipokunjwa, wanaamua nchi iendeshwe vipi, wanaondoka. Nusu ya chini ya habari hakuna aliyeijua. Haikuwazuia. Nimeona watu wakitoleana maneno makali kuhusu waziri ambaye, kama wangelikunjua gazeti, wangeona alishajiuzulu.

Wengi walipita tu, lakini watatu walikuwa wa kudumu.

Wa kwanza Mjomba Zisis, karani mstaafu wa forodha bandarini. Huyu alivaa tai hata mwezi wa saba, na alikuwa mtu wa buluu tangu tumboni mwa mama yake. Wa pili Mjomba Anestis, aliyefanya kazi kwenye maghala ya tumbaku mpaka maghala yakafungwa. Mwekundu, masharubu yamegeuka manjano, kofia haivuki usawa wa nyusi. Wa tatu Bi Sultana, mjane wa fundi saa, ambaye siasa hakuitaka kabisa. Yeye alifuatilia uhalifu. Alisema siasa ni uhalifu uleule ila haina mbio, kwa hiyo inachosha. Alikuja na kiti chake cha kukunja na begi la kufuma, akakaa chini ya kivuli cha kibanda, akangoja wanaume wamalize taifa ndipo wafike kwenye wizi.

Kila asubuhi ilianza vilevile. Anestis anafika, anakanyaga ukingo wa barabara kwa ncha ya kiatu, anasimama mbele ya kamba, mikono nyuma, na kusema, "Haya, Zisis, tusomee uwongo wa leo."

Na Zisis anasoma. Ya buluu anayasoma kwa sauti ya padri, mekundu anayasoma kwa sauti ya puani, kama mbuzi mwenye mafua. Baada ya kila kichwa cha habari Anestis anajibu maneno yaleyale, "Uwongo mtupu. Endelea." Ndipo ugomvi unafunguliwa. Mimi ndani ya dirisha langu nilikuwa nawachochea. Mmoja akionekana kushinda, nampa mwingine jambo la kusema, maana ugomvi ukiisha mapema watu hawanunui vinywaji.

Nilidhani ule ni mchezo wao tu. Anestis mvivu, Zisis anajipendea sauti yake. Mpaka asubuhi moja ya baridi, vidole vyangu vimekufa ganzi, nikalibana gazeti moja jekundu kichwa chini. Anestis akaja mapema kuliko mwenzake. Akasimama mbele ya gazeti lile lililopinduka, akalitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema hiyo ndiyo lugha ya ukweli. Nikafungua mdomo nimtanie. Zisis alikuwa ndiyo kwanza anafika. Akajiwekea kidole midomoni kunizuia, taratibu, akasogea, akaligeuza gazeti bila kutoa sauti. Kisha akaanza kusoma.

Ilikuwa presha ya macho. Iliingia kidogo kidogo kwa miaka, ikala pembeni, ikala katikati, ikamwachia mwanga na vivuli. Hakuna kati yetu aliyewahi kulitaja, na Anestis mwenyewe alijua kwamba tunajua. Alikuwa na sababu yake, na hiyo aliisema mwenyewe siku moja bila kusema kingine. Binti yake wa pekee, Lemonia, alikuwa Stuttgart, Ujerumani, kwenye nyumba ya kulelea wazee, muuguzi, na kila akipiga simu alikuwa akimwambia baba yake kwamba chumba kipo, kina jua, kina runinga ya Kigiriki. Siku akijua, alisema Anestis, siku hiyohiyo nimefungwa kamba kama robota la tumbaku na kupakiwa. Akasema pia kwamba hakuna mtu Stuttgart anayemchukia vya kutosha hata wazungumze.

Kwa hiyo tulilinda. Mimi nikawa namrudishia chenji kwa kuitaja kwa sauti, huku nikilalamika juu ya sarafu zangu ili isionekane. Bi Sultana akawa anapiga kelele "gari!" kumkemea mjukuu asiyekuwepo. Anestis alipomsalimia kwa heshima zote mwanasesere wa kuvalishwa nguo kwenye duka la jirani, na kumuuliza mama hajambo, tulikubaliana kwamba yule mwanasesere ndiye aliyekosa adabu kwa kutoitikia.

Halafu ikaja wiki ile ya kiangazi cha mwaka 2015.

Wenye umri wanaikumbuka. Tuliamka Jumamosi tukaambiwa Jumapili ya wiki inayofuata tunapiga kura: tuyakubali masharti ya wanaoidai nchi, au tuyakatae. Ndiyo au Hapana. Jumatatu mabenki yakafungwa, na mtu akaruhusiwa kuchota kidogo tu kwa siku kwenye mashine iliyo ukutani. Nchi nzima ikageuka kibanda chetu. Watu waligombana kwa kinyozi, kanisani, kwenye kivuko cha kwenda kisiwa cha Thasos. Ndoa zililala migongo ikitazamana. Mimi niliuza magazeti kama mkate, na kwa mara ya kwanza niliona watu wakiyakunjua mpaka chini.

Na kana kwamba haitoshi, mji wetu ukapata mwizi wake. Kwa kuwa pesa za watu hazikuwa benki, na kila mtu alijua kwamba kila mtu amezificha kwenye friji, akatokea jamaa anayevunja nyumba na kwenda moja kwa moja kwenye barafu. Kwa mwalimu mmoja mstaafu alikuta pweza tu, akachukua pweza. Bi Sultana alinawiri wiki hiyo. Alishikilia kwamba mwizi ni mfanyakazi wa benki ambaye benki imefungwa na mikono inamwasha kwa kukosa kuhesabu. Mimi nikamuuliza yeye amezificha wapi zake. Akanitazama juu ya miwani yake akaniambia nisimpeleleze.

Ugomvi ulipasukia kwenye foleni ya mashine ya benki, ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yangu na masikio ya watu wengi. Zisis wa Ndiyo alikuwa mbele, Anestis wa Hapana nyuma yake. Zisis alikuwa anawaeleza walio karibu kwamba wa Hapana wanataka kuruka kisimani kutafuta maji. Anestis akasema yeye anamfahamu Zisis vizuri, ni mtu ambaye kinyozi akimkata sikio atasema ndiyo, asante, na lile lingine tafadhali. Foleni ikacheka. Hata mimi nilicheka, na dirisha langu liko mbali.

Zisis hakuzoea kuchekwa na watu asiowachagua. Akawa mwekundu mpaka kwenye tai.

"Na wewe utapigaje kura?" akasema. "Karatasi yenyewe huioni. Mwaka wa ngapi huu nakusomea?"

Mashine ikawa inalia tii, tii, tii, mtu amesahau pesa zake. Hakuna aliyesogea. Anestis akairekebisha kofia yake iliyokuwa imekaa sawa tangu mwanzo. Akaugusa ukuta, akatafuta ukingo wa barabara kwa ncha ya kiatu, akaenda nyumbani bila kuchukua chochote. Zisis alibaki amesimama, uso umemshuka. Ilipofika zamu yake alichukua pesa akaacha kadi. Nikamkimbilia nayo, akaipokea kama mtu anayepokea kitu cha marehemu.

Kwenye foleni ile alikuwepo mke wa mfamasia. Aliwahi kukaa dawati moja na Lemonia. Sina haja ya kueleza zaidi; simu zilikuwa zinafanya kazi hata mabenki yalipofungwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko siasa yenyewe. Anestis aliendelea kuja, anasimama mbele ya kamba mikono nyuma, anatazama pale magazeti yalipo, hasemi kitu. Zisis naye alikuja, ila alisimama upande wa pili wa kibanda, kwenye jokofu la vinywaji, akasoma maandishi ya chupa za maji. Alijua madini yote yaliyomo. Nilijaribu kumsomea Anestis mwenyewe. Alisikiliza kidogo, akaniambia kwa upole, "Domna, binti yangu, unasoma kama mtu anayeagiza mboga." Bi Sultana akafuma haraka haraka, mishono ikaruka, akalazimika kuifumua. Wapita njia waliendelea kugombana kama kawaida, lakini ilikuwa kelele tu, kama redio ya jirani.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kura, gari la magazeti kutoka Thesaloniki halikufika. Jua la pale huingia moja kwa moja dirishani asubuhi, na kamba ikiwa tupu nageuka samaki wa kukaangwa. Kwa hiyo nikatundika chochote kilichokuwa karibu kunizibia mwanga. Kushoto nikabana kitabu cha chemshabongo. Katikati, jarida la ufumaji la miezi mingi nyuma, lenye mtoto aliyevishwa kofia ya sungura. Kulia, jarida la mapishi lenye tikiti maji kubwa lililopasuliwa, jekundu hasa, kwenye nafasi ya watu wa buluu. Nilijichekesha mwenyewe. Bi Sultana alikuwa kwenye kiti chake. Zisis alikuwa na chupa zake.

Ndipo nikamwona Anestis anakuja, na pembeni yake mwanamke mrefu, nywele fupi, viatu vya kiuguuzi visivyo na sauti. Alikuwa amefika usiku. Alitaka kumshika baba yake mkono, na baba alikuwa anauchomoa kila mara kana kwamba anafukuza nzi.

Anestis akakanyaga ukingo kwa ncha ya kiatu. Akasimama mahali pake, sawasawa.

"Habari ya asubuhi, Domna," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, na hakulala. "Nimekuja na mgeni kutoka Ujerumani. Kaambiwa mambo. Nikamwambia twende aone baba yake anavyosoma."

"Karibu, dada Lemonia," nikasema. "Mjomba, leo gari la—"

Lemonia akaniinulia kiganja, bila ukali. "Mwache asome, mdogo wangu."

Alikuwa ameshaiona kamba. Aliyaona yote, chemshabongo, sungura na tikiti. Mimi nikamtazama Bi Sultana, naye sindano zimemgandia mkononi.

Anestis akainua kidevu upande wa kushoto.

"Letu hili hapa," akasema. "Linasema Hapana, kwa herufi kubwa. Na hapo chini linasema waje watufunge wote kama wana jela ya kututosha." Akageuza kichwa katikati. "Gazeti la mji. Mwizi wa friji. Polisi wanasema wako nyuma yake. Wako nyuma yake tangu Jumatatu, watamchosha mgongo." Akageuka kulia, kwenye tikiti maji, na hapo sauti ikamkwama kidogo, maana huo ulikuwa upande wa mwenzake. "Na hili takataka linasema Ndiyo, la sivyo tutakula mawe."

Alikuwa amemaliza, na kwa kweli alisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma mimi. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kofia. Lemonia aliitazama ile picha ya tikiti, kisha akaitazama mikono ya baba yake iliyoshikana nyuma ya mgongo. Alionekana kama mtu aliyesafiri ili apate jibu na amelipata mapema kuliko alivyotaka. Akamshika kiwiko, na safari hii baba hakuuchomoa mkono.

Mlango wa jokofu la vinywaji ukafungwa.

Zisis akaja mpaka kwenye kamba. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akainama mbele ya tikiti maji kama karani anayekagua muhuri bandarini.

"Soma vizuri, Anestis," akasema. "Haikuandikwa hivyo."

Nilitamani kumrushia chupa. Bi Sultana alifumba macho.

"Mawe yako wapi hapa?" akaendelea Zisis. "Imeandikwa Ndiyo, kwa ajili ya wajukuu wetu. Hayo ndiyo maneno. Mawe umeongeza wewe, kama kawaida yenu, wekundu hamwezi kunukuu kitu bila kukitia chumvi." Kisha akahamia kushoto, kwenye chemshabongo, na sauti ya puani ikatoka, ile ya mbuzi mwenye mafua, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Jumatatu. "Na hili lenu, hebu tuone. Hapana, naam. Lakini hapo chini hujafika. Linasema aliyeandika hakuwa amekunywa kahawa."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Anestis alisimama ameinamisha sikio, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa.

"Uwongo mtupu," akasema polepole. "Endelea."

Bi Sultana hakungoja kukaribishwa. Aliinuka na begi lake, akamsogelea yule mtoto wa kofia ya sungura, akatangaza kwamba hao wanaume hata gazeti la mji hawalisomi mpaka mwisho. Kumbe mwizi kaonekana kijiji cha Karvali, akasema, kaingia jikoni kwa mtengeneza kurabiye, kakosa pesa, kajifariji kwa trei nzima ya biskuti, na sasa polisi wanafuata sukari barabarani. Zisis akasema hiyo ndiyo serikali ya watu wekundu, hata wezi wake wana njaa. Anestis akasema mwizi ni wa buluu, ndiyo maana anajua pesa za watu zimelala wapi. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akatazama kamba, akatutazama sisi, akatazama kamba tena. Nikampungia mkono aendelee na safari yake.

Na walikuwa kwenye kilele kabisa, Anestis kakunja ngumi na Zisis kalegeza tai, gari la magazeti likafika.

Breki zake zilikuwa na mlio wake. Hakuna aliyekaa pale ambaye hakuujua. Dereva akatupa marobota miguuni kwetu akaomba radhi, tairi lilipasuka kule kwenye mto Strimonas, ndiyo kwanza anafika, na sisi ni kituo chake cha kwanza. Akaondoka.

Anestis alibaki na ngumi yake hewani. Aliishusha taratibu.

"Domna," akasema. "Kwenye kamba kuna nini?"

Nilimtazama Zisis, akatazama viatu. Nilimtazama Lemonia, akatikisa kichwa kunikubalia.

"Hapo mbele ya Mjomba Zisis kuna tikiti maji," nikasema. "Limeiva."

"Na kwangu?"

"Chemshabongo."

Kila mtu alikuwa anamsubiri Anestis, hata binti yake. Kisha masharubu yakaanza kutikisika.

"Zisis," akasema. "Umesoma tikiti."

"Nimesoma lililokuwepo," akasema Zisis. "Ulitaka nisome lipi?"

"Kwa ajili ya wajukuu wetu." Anestis alikuwa ameshika kamba asianguke. "Mbegu zake, labda."

Bi Sultana ndiye aliyepasuka wa kwanza, akaketi kwenye kiti chake kikajikunja naye ndani. Halafu mimi. Halafu Lemonia, ambaye alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja, na akijaribu kumwinua Bi Sultana kwa ule ustadi wa kazi yake, mkono mmoja kwapani na mwingine mgongoni. Wazee wawili hawakuombana radhi. Sikusikia neno hilo siku hiyo wala baadaye. Zisis aliingiza tu mkono wake chini ya kiwiko cha Anestis, upande ambao Lemonia alikuwa ameuachia, akamwambia wahame juani kabla hajamsomea biringani.

Nilipokata kamba za marobota na kuyatundika magazeti yenyewe, niliyasoma kwanza kimoyomoyo. La kushoto: Hapana, kwa herufi kubwa. Katikati: mwizi, na polisi wako nyuma yake. La kulia: Ndiyo, na njaa ikatajwa. Mawe hayakuwemo, ni kweli. Zaidi ya hapo sikuona Anestis alipokosea.

Lemonia alikaa na mimi ndani ya kibanda saa nzima, kwenye kasha la bia, akiwatazama kupitia dirishani. Alikuwa na tiketi mbili za ndege mfukoni; alizitoa, akaziangalia, akazirudisha. Nilitaka kusema jambo la kuchekesha na nikakosa, jambo ambalo hunitokea kwa nadra.

"Kule kwangu wazee wanaoshwa, wanalishwa, wanafunikwa," akasema mwishowe. "Wengine wanaona vizuri kabisa. Hakuna hata mmoja anayetukanwa."

Alipotoka alimwendea Zisis, akamuuliza kama ataendelea kumsomea baba yake. Zisis akajibu kwamba yeye hamsomei mtu. Yeye anasoma, na huyu anasikiliza kwa lazima, kwa sababu barabara ni ya wote. Lemonia akambusu shavuni. Tai ikapinda, akakaa nayo hivyo hadi mchana.

Jumapili wazee wale walikwenda shuleni kupiga kura, mkono kwa mkono, kila mmoja akienda kuifuta kura ya mwenzake. Lemonia alirudi Stuttgart na tiketi moja haikutumika. Aliondoka na lile jarida lenye tikiti. Nilimwambia ni la bure, akakataa, akasema gazeti lenye habari nzito namna ile lazima mtu alinunue.

Mwizi hakukamatwa. Bi Sultana alifurahi, maana kesi iliyofungwa haina utamu.

Tulipata miaka kadhaa ya asubuhi baada ya hapo. Magazeti yalizidi kupungua, moja likafa, lingine likawa linatoka mwisho wa wiki tu. Watu walianza kusimama mbele ya kibanda wameinamia simu, kila mmoja akigombana na mtu asiyemwona. Zisis alipokosa gazeti la kusoma alisoma la jana, na lilipokosekana la jana akasoma la kichwani mwake, na Anestis hakuuliza kuna nini kwenye kamba.

Anestis alifariki mwezi wa pili, kitandani kwake, dirisha likiangalia ghala la zamani la tumbaku. Hapa kwetu tangazo la msiba hubandikwa ukutani, karatasi nyeupe yenye ukingo mweusi, na moja huletwa kwenye kibanda. Sikuona pa kuibandika. Kamba ilikuwa tupu siku hiyo, basi nikaibana upande wa kushoto, mahali pa mekundu, kwa vibanio viwili kwa sababu ya upepo.

Zisis alikuja saa yake ya kila siku. Alikanyaga ukingo wa barabara kwa ncha ya kiatu, ambayo haikuwa tabia yake. Akasimama. Akafuta miwani kwa tai. Kisha akaanza kusoma kwa sauti ya juu, ile ya puani, ya magazeti mekundu: jina, umri, mfanyakazi wa tumbaku, baba wa Lemonia, tunamzika kesho saa tano, kanisa la Mtakatifu Paulo.

Akangoja, sikio kaliinamisha kidogo.

Watu walipita. Bi Sultana alikuwa anatazama mikono yake. Nikaegemea dirishani nikatoa kichwa nje.

"Uwongo mtupu," nikasema. "Endelea, mjomba."

Zisis akaitikia kwa kichwa, akasogea karibu na kamba, akaanza upya kutoka juu.